Kwa Baisikeli hadi Ziwa Linywesalo Mji

Katika nchi ya Uskoti kuna kijiji kiitwacho Aberfoyle. Mpanda baisikeli atokaye hapo huanza kutoka jasho mara moja, kwani barabara yapanda mlima kwa kona nyingi katikati ya msitu. Huko juu miti yapungua, na pande zote ni nyika ya vichaka vifupi, ambavyo mwezi wa nane huchanua maua ya zambarau. Kisha barabara yateremka hadi Loch Katrine. Kwao "loch" maana yake ni ziwa.

Toka gatini, njia hufuata ufuko wa kaskazini karibu kilometa 20 mpaka Stronachlachar. Motokari za wageni haziruhusiwi. Kwa nini? Barabara hii ni mali ya shirika la maji, na ziwa lenyewe hunywesha mji wa Glasgow. Zamani wenyeji wa mji huo walikunywa maji machafu, na kipindupindu cha miaka 1853 na 1854 kiliua watu karibu 4,000. Ndipo wakuu wakapasua milima na kujenga mfereji, maji yakateremka yenyewe bila mashine. Malkia Victoria aliufungua mwaka 1859. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866, waliokufa walikuwa wachache sana.

Msafiri hurudi Aberfoyle akipita maziwa ya Chon na Ard. Miguu imechoka, lakini ameona jinsi maji safi yalivyo uhai wa watu. Nasi je, kisima chetu twakitunzaje?