Unene wa Kupita Kiasi: Halmashauri Nayo Ina Kazi

Mtu anaponenepa kupita kiasi, majirani huwa na neno moja: anakula mno. Wengine humpongeza kwa kuwa maisha yamemnyookea. Kwa vyovyote vile jambo hilo huachwa kuwa lake peke yake. Ni mara chache tunauliza kama watoto wake wana mahali pa kuchezea, kama barabara ya kwenda sokoni ina nafasi ya mtembea kwa miguu, au kwenye lango la shule panauzwa nini. Maswali hayo hayana majibu jikoni. Majibu yake yako katika ofisi ya serikali ya mtaa na baraza la madiwani.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo. Chukua urefu wa mtu kwa mita, uzidishe kwa urefu huohuo, kisha gawa kilo zake kwa jibu ulilopata. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. 30 au zaidi ni unene wa kupita kiasi. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia kiwango cha kwanza akiwa na kilo 64, na cha pili akiwa na kilo 77. (Wajawazito hawapimwi hivi, na watoto wana chati zao.) Kadiri uzito unavyopanda, ndivyo hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo inavyoongezeka.

Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito au ni wanene kupita kiasi. Mwaka 2010 walikuwa 22, na mwaka 2015-16 wakawa 28. Wakati huohuo tuna watoto waliodumaa: 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano, kwa hesabu ya mwaka 2022. Kwa hiyo si ajabu kwamba mkataba wa lishe uliotiwa saini na wakuu wa mikoa mwaka 2017 ulizitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Hilo ni haki kabisa. Lakini unene, hata ukikumbukwa, mara nyingi huishia kwenye semina na mabango. Mwaka 2016 yalitoka pia maagizo kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Ni wazo zuri. Ila asubuhi moja ya mbio haiwezi kufidia siku zote zinazobaki ambazo mtoto hana pa kukimbia.

Kwamba mafundisho peke yake hayatoshi, tunaweza kujifunza kutoka miji miwili midogo ya kaskazini mwa Ufaransa, Fleurbaix na Laventie. Mwaka 1992 ilianza kufundisha lishe shuleni. Watoto walijifunza vizuri, lakini kwa miaka kadhaa uzito wao uliendelea kupanda. Baadaye uongozi wa miji uliingia kazini: mahali pa michezo pakajengwa, wataalamu wa lishe wakaajiriwa, na waganga, wenye maduka na vyama vya michezo wakashirikishwa. Kufikia mwaka 2004, watoto waliozidi uzito walikuwa 8.8 katika kila 100, na katika miji ya kulinganishia walikuwa 17.8. Mpango uliozaliwa na kazi hiyo ulipelekwa miji mingine, ukalaumiwa kwa kupokea fedha za makampuni ya vyakula. Nasi tuna vibao vya shule si vichache vyenye nembo ya soda juu na jina la shule chini yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai.

Je, halmashauri zetu zifanye nini? Kuwafukuza wauza chipsi na mihogo ya kukaanga si dawa. Nao wana watoto wa kulisha. Ingefaa zaidi kumpunguzia ushuru mwenye meza ya matunda na mboga, na kumpa nafasi karibu na lango la shule. Bomba la maji safi shuleni ni kinga pia, kwa sababu mtoto mwenye kiu asiye na maji hununua soda au juisi ya unga. Lakini la haraka kuliko yote ni viwanja vya wazi. Kiwanja kikishajengwa gereji au ukumbi hakirudi tena, na watoto huhamia barabarani au mbele ya televisheni. Sheria za mwaka 1982 zimezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo zaweza kutumika hapa.

Ulizeni basi katika mkutano wa mtaa: kile kiwanja kimesajiliwa kwa matumizi gani, na hati yake iko wapi? Vijijini mkutano mkuu hukaa kila miezi mitatu. Swali liandikwe katika muhtasari, na ombi lipelekwe kwa maandishi, nakala kwa diwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango hupangwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limechelewa. Lifikisheni kabla ya Krismasi.