KUFULI WAZI NA UFUNGUO WA SIRI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu twadhani barua pepe ni barua iliyofungwa kwa gundi. Sivyo. Barua hiyo hukaa katika mashine za wale wanaoipeleka, nao waweza kuisoma kama kadi ya posta.

Likizo ya Juni nilikuwa nyumbani Kibondo, na kaka yangu alikuwa kazini Kasulu. Mama alitaka kumpelekea majibu yake ya hospitali, lakini hakupenda mtu mwingine ayaone. Basi mjomba akatuazima kompyuta yake, nasi tukajifunza kazi hii.

Asili yake ni hivi. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walieleza jinsi watu wawezavyo kuandikiana kwa siri bila kukutana kwanza. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP kwa ajili ya barua pepe. Tangu mwaka 2020 programu ya barua iitwayo Thunderbird ina uwezo huo ndani yake.

Kila mtu huwa na funguo mbili, wa hadhara na wa siri. Ule wa hadhara ni kama kufuli lililo wazi. Kaka anipelekea kufuli lake kwa basi; natia barua sandukuni, nalibana, narudisha sanduku. Hata mimi niliyelibana siwezi kulifungua tena. Ufunguo umo mfukoni mwake Kasulu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kaka aliandika barua na kuiambatisha na ufunguo wake wa hadhara, faili ambalo jina lake huishia kwa asc. Mimi nililifungua nikaiamuru programu iupokee. Nami ikanipasa nimpelekee wangu.

Hapo nilikosea. Nilimpelekea faili la ufunguo wa siri! Kaka akapiga simu akicheka: "Mdogo wangu, nimekuomba kufuli, nawe umenipa ufunguo wa nyumba." Nikaona haya. Faili lile lilikuwa limekwisha kupita katika mashine za watu. Kwa hiyo nikazibatilisha funguo zile nikatengeneza nyingine.

Lakini hatari kubwa ni nyingine. Je, kama mtu pale Makere angeliondoa kufuli la kaka na kuweka lake? Angefungua sanduku, akasoma barua, kisha akalifunga kwa kufuli la kaka, wala sisi tusingejua. Mtu yeyote aweza kutengeneza ufunguo na kuuandika jina la mwingine. Kwa sababu hiyo programu huuliza kama umeukubali ufunguo, na kama umeuhakikisha. Kila ufunguo una alama yake, kwa kawaida tarakimu na herufi 40, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F. Kaka alinisomea zote kwa simu, nami nikifuata kwa kidole. Sauti yake naijua. Zilipolingana zote, ndipo nilipokubali.

Yafaa tukumbuke pia kwamba majina ya mwandishi na mpokeaji hayafichwi, na kwamba apotezaye ufunguo wake wa siri hawezi tena kuzisoma barua zake za zamani.

Majibu ya Mama yalifika salama, na Jumamosi ile kaka akapanda basi kuja Kibondo. Basi, wenzangu, kufuli mpe kila mtu, ufunguo usimpe yeyote. Na kabla ya kulibana kufuli la mwenzako, mpigie simu.