Injini ya Kijapani Katika Land Rover ya Zamani: Kwa Nini Maji Yachemka?

Katika nchi ya Meru na Embu yako magari ya Land Rover ambayo umri wake umeupita ule wa madereva wanaoyaendesha. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na lile la Aina ya Tatu lilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Bodi lake ni la aluminiamu, haliliwi na kutu upesi; lakini injini ni ya chuma, nayo huchoka. Basi mwenye gari, badala ya kulitupa, huing'oa ile injini ya petroli ya lita 2.25, akaweka mahali pake injini ya dizeli iliyokwisha kutumika Japani: Isuzu 4JB1 ya lita 2.8, au Nissan TD27 ya lita 2.7, au Toyota 3L ya lita 2.8. Jambo hili si baya. Injini hizo zina nguvu, na vipuli vyake hupatikana bila shida.

Taabu huanza siku gari linapopakiwa mzigo wa kwanza. Mshale wa geji ya joto hupanda mpaka kwenye alama nyekundu, na mvuke hutoka chini ya boneti. Mwenye gari hununua rejeta mpya. Mshale ungali juu. Hununua pampu ya maji, bado. Huongeza feni ya pili, na fedha za karo ya watoto zikiisha ndipo silinda hedi hupinda na maji huchanganyika na oili. Kwa mtu apelekaye majani mabichi ya chai kiwandandani mwao kila siku, gari kusimama njiani ni hasara mara mbili, maana majani hayangoji.

Makosa makubwa hapa ni kununua kabla ya kupima. Joto la injini lina sababu nyingi, lakini kila sababu ina dalili yake, na dalili nyingi zaweza kutambuliwa kwa vitu vilivyomo nyumbani.

JE, JOTO HILO NI LA KWELI?

Swali la kwanza ni kama geji inasema kweli. Injini imetoka Japani, lakini geji iliyo mbele ya dereva ni ile ile ya Kiingereza. Kile kidude cha shaba kilichokazwa kwenye injini, ambacho mafundi hukiita sensa, hupeleka habari kwa geji kwa njia ya umeme. Sensa ya Kijapani na geji ya Kiingereza hazikuumbwa kusikilizana: maji yakiwa na joto la kawaida tu, mshale waweza kusimama kwenye nyekundu. Zaidi ya hayo, katika Land Rover ya Aina ya Tatu kuna kifaa kidogo nyuma ya geji kinachopunguza umeme wa betri uwe kiasi cha volti 10. Kifaa hicho kikiharibika, au waya wake wa ardhi ukilegea, geji ya joto na geji ya mafuta hupanda pamoja. Ukiona tangi limeonyesha kujaa siku ile ile injini ilipoanza "kuchemka", usifungue injini. Tazama kwanza waya.

Dawa ni kupima kwa kitu kingine. Siku hizi kiko kipimajoto cha mkononi kinachoelekezwa tu kwenye chuma nacho huonyesha joto, na mafundi kadha wanacho. Elekeza palipo karibu na themostati, wala si kwenye mpira wa maji. Ukiona digrii 85 au 90 za sentigredi hali mshale uko kwenye nyekundu, aliyeugua ni geji. Mtie sensa inayoafikiana na geji hiyo, au geji inayoafikiana na sensa.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba sisi twakaa milimani. Pwani maji ya sufuriani huchemka kwa digrii 100. Mjini Meru, ulio juu kiasi cha mita 1,500, huchemka kwa digrii 95 hivi. Embu huzidi kidogo tu. Na Timau, palipo juu zaidi ya mita 2,000, hushuka hata 93 au chini yake. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni kifuniko chake. Kifuniko kizima cha ratili 15 kwa inchi mraba huyabana maji hata katika miji yetu yasichemke mpaka yapite digrii 115. Lakini springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji yatachemka kwa 95, joto ambalo injini yenyewe ingelistahimili bila kudhurika. Kwa hiyo gari lililokwenda vyema Mombasa laweza kumwaga maji Timau, na kosa lote likawa la kifuniko. Wala kisifunguliwe injini ikiwa moto! Maji yaliyobanwa hugeuka mvuke mara kifuniko kinapolegea, nayo huunguza uso na mikono ya aliye karibu.

LACHEMKA WAPI, NA WAKATI GANI?

Kama joto ni la kweli, mwulize dereva lachemka wapi. Barabara yetu ya Meru na Embu ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Gari likipata joto likiwa limesimama na injini inanguruma sokoni Chuka, kisha likapoa mara linapokimbia kwenye tambarare, upungufu uko katika feni na upepo. Likitulia sokoni lakini likachemka linapopanda kutoka daraja la Nithi likiwa na mzigo, tazama mwendo wa maji: rejeta, mipira, pampu, themostati. Na likichemka popote, hata asubuhi ya baridi na bila mzigo, shuku hewa iliyonaswa ndani au gasketi iliyoungua.

Kuhusu feni, injini mpya haikai mahali hasa palipokaa ya kwanza. Mara nyingi feni huwa mbali na rejeta, au imekwenda upande mmoja, na lile sanduku la kuukusanya upepo limekatwa ili injini iingie. Pasipo sanduku, feni huzungusha hewa ile ile ya moto chini ya boneti. Feni ya umeme nayo, waya zake zikigeuzwa, hupuliza kwenda mbele na kupigana na upepo wa safari. Kuipima ni rahisi: weka karatasi mbele ya rejeta injini ikinguruma na feni ikizunguka. Ikivutwa na kushikwa, vema. Ikirushwa, feni yaenda kinyume. Kagua pia njia ya mkanda. Fundi aliyebadilisha altaneta na kuupitisha mkanda upande mwingine wa gurudumu la pampu ameifanya pampu izunguke nyuma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeua injini nyingi kuliko mengine. Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Maji yakiwa baridi umefungwa. Yafikapo digrii 82 hivi, nta huvimba na kuusukuma ufunguke, maji yapite kwenda kwenye rejeta. Mafundi wetu wengi huing'oa na kuitupa siku ile ile injini inapowekwa. Ukimwuliza fundi atakujibu, "Mzee, hiki ni kitu cha Ulaya kwenye baridi, huku kwetu hakina kazi." Maneno hayo yana sura ya hekima, na ndiyo maana yameenea.

Lakini katika injini nyingi za Kijapani themostati ina kazi mbili. Chini yake pana kisahani kidogo. Mlango mkubwa unapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya pembeni, ile ambayo maji hupitia kurudi kwenye pampu bila kwenda kwenye rejeta. Njia hiyo ni ya kuipasha moto injini asubuhi. Ukiitupa themostati, umekitupa na kisahani: njia ya pembeni hubaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini tu. Rejeta yaweza kuwa mpya kabisa, na maji yasiifikie ya kutosha. Gari likienda taratibu huoni kitu. Likipanda mlima na mzigo, lachemka. Mwenyewe hulaumu rejeta.

Wapo wengine wanaoiacha themostati lakini wakaiziba njia ya pembeni kwa kuwa mpira wake haukupata mahali pa kufungwa. Hilo nalo ni kosa. Maji ya moto hukawia kuigusa themostati, nayo hukawia kufunguka; hapo mshale hupanda ghafula kisha ukaanguka ghafula. Irudishe themostati, irudishe na njia yake. Kabla ya kuitia, ifunge kwa uzi uitumbukize katika sufuria ya maji jikoni pamoja na themomita, usiiache iguse chini. Itazame ikianza kufunguka karibu na joto lililopigwa chapa juu yake. Usishangae themomita ikikoma 95. Ni ule urefu wa milima yetu.

HEWA NA GASKETI

Injini iliyoinuliwa ili isiguse ekseli mara nyingine huwa juu kuliko kichwa cha rejeta. Hewa hupenda kukaa juu, kwa hiyo hukusanyika karibu na themostati na kwenye silinda hedi, mahali penye joto kuliko pote. Chuma kilichozungukwa na hewa hakipozwi, na sensa iliyomo ndani ya hewa yaweza hata kuonyesha baridi wakati injini inaungua. Simamisha gari pua ikiutazama mlima, injini ikiwa baridi na kifuniko wazi, ujaze polepole, uwashe, uiminye mipira kwa mkono mpaka vipovu viishe. Kama umbo la injini lenyewe ndilo la juu, tia tangi dogo la maji palipo juu kuliko pote chini ya boneti, na kifuniko cha kubana kikae hapo.

Vipovu vya hewa huisha. Visipoisha, hiyo si hewa bali moshi wa silinda unaopenya kwenye gasketi au kwenye ufa wa silinda hedi. Dalili yake nyingine: washa injini iliyolala usiku kucha, ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe kabla dakika mbili kupita, maji hayajapata wakati wa kupanuka kwa joto. Aliyeyabana ni moshi. Iko pia dawa ya majaribio ya rangi ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi huo. Injini iliyotumika yaweza kuwa imekwisha kuungua kabla haijapakiwa melini, hivyo yafaa silinda hedi ikaguliwe kwa rula iliyonyoka injini ingali chini. Na hapo hapo uinakili nambari ya injini, kwa sababu mabadiliko hayo hupaswa kuandikishwa kwa NTSA katika kitabu cha gari.

Rejeta ya zamani nayo isisingiziwe bure. Ikiwa safi, mara nyingi hutosha. Baada ya safari zima injini na uipitishe ile kipimajoto juu ya uso wake. Mahali palipo baridi kuliko penginepo pameziba. Rejeta ya shaba hufunguliwa, husuguliwa na kulehemiwa tena. Tazama pia mpira wa chini: injini ikivuma ukibonyea na kushikana, pampu yanyonya bure, nao wahitaji springi ndani yake. Maji ya mto wakati wa mvua yasitiwe kabisa. Tia maji safi nusu na dawa ya rejeta nusu, kwani dawa hiyo si ya nchi za barafu pekee: huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka.

Dizeli inayopelekwa kupita kiasi, ambayo hujulikana kwa moshi mweusi, huongeza joto, na breki zinazoshika magurudumu vilevile. Mambo haya mawili huangaliwa kwa dakika chache.

Fanya badiliko moja tu kwa wakati mmoja, uandike tarehe, mzigo, na joto lililosomwa. Ukibadilisha themostati, feni na kifuniko kwa siku moja, gari huenda likapona nawe usijue lilikuwa na ugonjwa gani. Kisha lirudishwe kwenye mlima wa Nithi, mchana wa jua, likiwa na mzigo ule ule, na mtu wa pili akae karibu na dereva aandike joto kutoka darajani mpaka juu.