Mtoto Amekula Tunda Gani?

Mama, umetoka shambani, unamkuta mtoto nyuma ya nyumba. Mkononi ana matunda ya mti wa lupango, naye anatafuna. Utafanya nini?

Wengi hukimbilia chupa ya mawese. Usifanye hivyo! Mawese hayaondoi sumu. Mtoto akitapika, mafuta yaweza kuingia katika mapafu, nawe utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Usimnyweshe maji ya chumvi, wala usimtie kidole kooni. Toa mabaki kinywani, mwoshe midomo na mikono, umlete hospitali upesi pamoja na tawi la mti ule, lenye majani na matunda.

Kwa nini tawi? Kwa sababu jina hutudanganya. Mbangubangu wa Kabambare ana jina lake, Mzimba wa Kasongo ana lake. Hata katika Kiswahili, neno “mbono” wengine huita mbarika, na wengine huita mti mwingine kabisa, ule wa lupango.

Mbarika una majani kama mkono uliokunjuliwa vidole. Tunda lake lina miiba laini, na mbegu ina madoa, yafanana na kupe aliyeshiba. Mbono wa lupango hauna miiba. Tunda lake ni la kijani, kisha la manjano, mwisho jeusi, na ndani mna mbegu nyeusi, mara nyingi tatu. Mbegu hizo ni tamu kama karanga, na hapo ndipo taabu, maana mtoto hali moja tu, hula nyingi na kuwagawia wenzake. Basi uliza alicheza na nani, ukawatafute na hao.

Sumu ya mbono wa lupango huanza upesi kwa kutapika na kuhara. Lakini ile ya mbarika, na ya mbegu nyekundu yenye jicho jeusi ambayo watu hutunga shanga, yaweza kukawia saa nyingi. Mtoto anacheza mchana, usiku anahara damu. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita bila kudhuru, iliyotafunwa ndiyo ya hatari. Lakini mtoto wa miaka miwili atakuelezaje alitafuna au hakutafuna? Usingoje.

Kumbuka saa, hesabu maganda yaliyo chini. Njiani, akisinzia, mlaze kwa ubavu. Na kama tawi limesahauliwa nyumbani, mtume mwenye baisikeli alirudie, ninyi msimngoje.