Foleni ya Ujumbe na Kolibaki: Kwa Nini Programu Huganda?

Mada hii huwachanganya watahiniwa kwa sababu ya swali moja dogo: kolibaki hutekelezwa kwenye uzi upi? Ukiweza kulijibu hilo, mengine ni mepesi.

Maana ya istilahi

Uzi ni mfululizo wa maagizo yanayotekelezwa moja baada ya jingine. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa.

Kitanzi cha ujumbe huchukua ujumbe wa kwanza kwenye foleni, hushughulikia ujumbe huo hadi mwisho, kisha hurudi kuchukua unaofuata. Foleni ikiwa tupu, kitanzi husubiri.

Kolibaki ni fanksheni unayoikabidhi kwa sehemu nyingine ya programu ili iitwe jambo fulani litakapotokea, kwa mfano kitufe kubonyezwa au kazi kukamilika.

Tatizo

Chukua mfano wa simu ya Android. Uzi mkuu ndio unaopokea miguso na kubadili yaliyomo kwenye skrini. Tuseme mtumiaji anabonyeza "Tafuta", na kolibaki ya kitufe hicho inapekua faili kubwa kwa sekunde 8 ndani ya uzi mkuu. Sekunde 1 baada ya kazi kuanza, anabonyeza "Futa". Mguso huo utakaa kwenye foleni sekunde 7. Android ikiona mguso haujashughulikiwa kwa sekunde 5, kwa kawaida humwonyesha mtumiaji taarifa kwamba programu haijibu.

Ni sawa na mhudumu pekee wa mgahawa kuingia jikoni kupika pilau: wateja wote mezani wanakwama.

Suluhisho

1. Uzi mkuu unapokea mguso na kuukabidhi uzi wa nyuma kazi ndefu.
2. Uzi mkuu unarudi mara moja kwenye kitanzi chake.
3. Uzi wa nyuma ukimaliza, unaweka ujumbe wenye matokeo kwenye foleni ya uzi mkuu. Katika Android, Handler hutumika kwa hatua hii.
4. Zamu ya ujumbe huo ikifika, uzi mkuu unatekeleza kolibaki na kubadili skrini.

Makosa ya kuepuka

Usiandike kwamba kolibaki hurudi yenyewe kwenye uzi ulioitoa. Kolibaki hutekelezwa na uzi unaoiita. Uzi wa nyuma ukiiita moja kwa moja, itatekelezwa huko huko nyuma.

Pia, usidhani kila uzi una kitanzi. Uzi mpya wa kawaida katika Android hauna. Ni lazima uite Looper.prepare() kisha Looper.loop() ndani yake ndipo uweze kupokea ujumbe.

Jipime

Programu ya Asha inakokotoa wastani wa alama kwenye uzi wa nyuma. Kazi ikiisha, uzi huo huo unaandika wastani kwenye skrini, na programu inafungwa ghafla.
(a) Taja kosa. (alama 2)
(b) Eleza jinsi ya kulirekebisha. (alama 4)

Majibu
(a) Skrini imebadilishwa na uzi wa nyuma badala ya uzi mkuu.
(b) Uzi wa nyuma uendelee kukokotoa. Ukimaliza, utume wastani kama ujumbe kwenye foleni ya uzi mkuu. Kitanzi cha uzi mkuu kitauchukua ujumbe zamu yake ikifika, na kolibaki itaandika wastani kwenye skrini.

Zingatia: "tumia uzi wa nyuma" ni nusu ya jibu. Eleza pia matokeo yanavyorudi.