Dawa ya Minyoo ya Kuku: Uliza Jina Kwanza

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia bandani. Msishangae, maana kuku ndio waliotuletea mgonjwa.

Wakati wa masika mama mmoja alishuka kutoka milimani akiwa na mtoto wa miaka minne. Mtoto alikuwa anatapika, jasho linamtoka na mate yamemjaa mdomoni. Alikuwa amekunywa maji ya kuku. "Nesi, ni dawa ya minyoo tu," mama alituambia. Dawa gani, mama? Hakujua. Aliinunua gulioni, unga uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, akaambiwa atie vijiko viwili kwa ndoo. Tulimlaza mtoto, tukamwangalia usiku kucha, na kesho yake mchana akaomba uji. Lakini usiku ule tulikuwa tunapambana na kitu tusichokijua jina.

Kutaka kuwatibu kuku halikuwa kosa. Kuku wa kienyeji hula chini, na minyoo wanaiokota huko huko. Upande wa mashariki wa Uluguru, kama Kinole na Matombo, mvua ni nyingi, na unyevu ndio unaotunza mayai ya minyoo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kuku wa kienyeji hapa Morogoro: kuku wanaokua walikutwa na minyoo mikubwa ya mviringo mara nyingi kuliko kuku wakubwa. Kuku mwenye minyoo mingi hukonda kifua ingawa anakula, kishungi kinapauka, na kutaga kunapungua. Ndiyo mayai ya watoto wetu hayo, na ndiyo fedha ya madaftari.

Kabla ya kwenda dukani, jua kwanza unatibu minyoo gani. Ukichinja kuku usitupe utumbo hivi hivi. Upasue kwa kisu utazame. Minyoo ya mviringo ni myeupe, mingine mirefu kama tambi. Minyoo bapa ni kama utepe wenye pingili, na kuku huipata kwa kula sisimizi, nzi na wadudu wengine. Vipande vyake huonekana kwenye kinyesi kama punje za mchele.

Dawa ya bei nafuu ni piperazini. Inafaa kwa ile minyoo mikubwa ya mviringo, tena iliyokomaa tu, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki 2 au 3. Minyoo bapa haiiwezi, na wengi wetu tunapoteza fedha hapo. Levamisoli huondoa aina nyingi zaidi za minyoo ya mviringo, lakini ikizidi kipimo ni sumu kwa kuku na kwa mtu. Albendazoli na fenbendazoli zina uwezo mpana zaidi. Kwa minyoo bapa kipimo chake ni tofauti, basi mwombe bwana mifugo akupigie hesabu. Wanaofuga njiwa pamoja na kuku wawe waangalifu: dawa hizi mbili zimewahi kuwaua njiwa.

Wako akina mama wanaovunja kidonge cha minyoo cha mtoto, kile cha kliniki au cha shuleni, wakawapa kuku. Tunawasihi waache. Kidonge cha miligramu 400 kimepimwa kwa binadamu, si kwa kuku wa kilo moja na nusu, na mtoto naye amekosa dawa yake. Mbegu za papai na shubiri hazina kipimo; msizitegemee kuku akishakonda. Tena minyoo ya kuku siyo ile ya watoto wetu. Safura huingia kwa miguu pekupeku mahali palipochafuliwa na kinyesi cha watu, na dawa yake ni choo na viatu pamoja na hicho kidonge.

Muuza dawa aulizwe pia ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe. Jioni ondoa maji. Asubuhi weka maji ya dawa ndani ya banda, mlango umefungwa, watoto wakiwa mbali. Yakibaki, yafukie shimoni mbali na kisima.

Wakifa wengi kwa siku chache, shingo zimepinda na kuhara kijani, usikimbilie dawa ya minyoo. Huo huenda ni mdondo, nao hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jicho, kila baada ya miezi 3. Ni vizuri minyoo itibiwe wiki 2 kabla ya chanjo.

Mama yule alirudi kliniki mwezi uliofuata na kichupa cha piperazini chenye lebo, akataka tumsomee tarehe ya mwisho wa matumizi. Ilikuwa imepita kwa miezi 4. Alikirudisha dukani siku hiyo hiyo, wakambadilishia.