Kinyago Ndani ya Simu

Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji huingia uwanjani akiwa amefunikwa nguo mwili mzima, kichwani kavaa kinyago cha mti. Watu wazima wanajua kwamba ndani yake kuna jirani yao, lakini hatajwi mtu. Akishajificha hivyo, hupata ruhusa ambayo bila kinyago asingepewa: humkejeli padri, humwiga mkoloni, huyasema mbele ya kadamnasi yale ambayo wengine huyanong'ona. Ninapoulizwa filamu fupi za kuchora na za simu zina kazi gani kwenye matamasha ya kimataifa, penye skrini kubwa na kamera za bei ya nyumba, mfano wa kwanza unaonijia ni huo wa mapiko.

Tuyatenganishe majina kwanza. Filamu fupi haina kipimo kimoja: tuzo za Oscar huikubali hadi dakika 40, tamasha la Cannes huishia dakika 15. Filamu ya uhuishaji ni ile ambayo mwendo wake umetengenezwa kwa picha tuli, moja baada ya nyingine, kila moja ikipishana kidogo na iliyoitangulia mpaka jicho lidanganyike. Filamu ya majaribio haimwahidi mtazamaji hadithi. Inaweza kuwa dakika nne za kivuli cha tanga kikitambaa juu ya mchanga. Ama filamu ya simu, hilo ni jina la chombo tu, na chombo hicho kinaweza kutumika katika zote hizo.

Wanaoidharau simu wamechelewa. Aryan Kaganof wa Afrika Kusini alitoa SMS Sugar Man mwaka 2008, filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za Sony Ericsson W900i. Mwaka 2011 ndugu wawili wa Korea Kusini, Park Chan-wook na Park Chan-kyong, walitwaa Dubu wa Dhahabu wa filamu fupi mjini Berlin kwa Night Fishing, waliyoipiga kwa iPhone 4. Suala la ubora lilikwisha hapo. Lililobaki ni nani anaishika simu hiyo, na anaonyesha nini.

Kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mdomo wa Ruvuma kupitia Palma na Mocímboa da Praia hadi Ibo na visiwa vingine vya Quirimbas, swali hilo ni zito. Mkoa huu wa Msumbiji si mgeni kwa kamera. Mwaka 1979, huko juu kwenye uwanda wa Wamakonde, Ruy Guerra, mzaliwa wa Maputo aliyejijengea jina Brazil, alipiga Mueda, Memória e Massacre. Wenyeji wenyewe waliyaigiza mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, yaliyofanywa na wakoloni wa Kireno, na katikati ya maigizo walioyashuhudia wakasimulia. Uitazame mara tatu, bado hutajua tamthilia inaishia wapi na ushahidi unaanzia wapi. Ukitaka kujua maana ya filamu ya majaribio, anzia hapo.

Mwaka mmoja kabla, Mfaransa Jean Rouch alikuwa Maputo, katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, akiwafundisha vijana kutumia kamera ndogo za Super 8. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: piga asubuhi, safisha mkanda, hariri, na jioni waonyeshe wale wale uliowapiga. Uzoefu huo ndio uliozaa shule ya Ateliers Varan, iliyoanzishwa Paris mwaka 1981. Rouch alihitaji maabara ili picha irudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo. Leo maabara hiyo iko mfukoni mwa mvuvi.

Lakini wepesi huo una hatari yake. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwaka 2022 watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Simu ikawa shahidi, na shahidi akawa hatarini. Video ya mama akieleza ni nani waliomchukua mwanawe huzunguka WhatsApp usiku mmoja, na inaweza kumfikia yule yule aliyemchukua. Ukimfunika uso kwa ukungu wa kompyuta unamlinda kidogo, lakini unamfanya aonekane kama mtuhumiwa.

Hapo ndipo uhuishaji unapofanya kazi ya kinyago. Filamu ya Kidenmaki Flee, ya mwaka 2021, ilimchora mkimbizi kutoka Afghanistan aliyepewa jina la bandia, ikateuliwa kwa tuzo tatu za Oscar. Karibu na kwetu, Ng'endo Mukii wa Kenya katika Yellow Fever, ya mwaka 2012, alichanganya michoro, watu halisi waliopigwa picha moja moja, na sauti za watu wa familia yake, ili kusema juu ya wanawake wanaochubua ngozi. Mchoro humpa msemaji faragha, na humpa mtazamaji nafasi ya kusikiliza bila kumkodolea macho mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mmoja wa Palma, sasa anaishi katika mji wa Pemba, huko huko Cabo Delgado, kwa jamaa zake, anasimulia usiku alioondoka kwa mashua. Mjukuu amemrekodi sekunde 90. Sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde, lakini wahuishaji wengi huiacha kila picha ikae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji picha 12. Masimulizi ya bibi yanadai picha 1,080. Ni nyingi, ila zinapigika kwa jioni kadhaa.

Vifaa ni kioo cha dirisha kilichowekwa juu ya matofali mawili, taa moja chini yake, na mchanga. Mmarekani Caroline Leaf alitoa filamu ya mchanga mwaka 1969, na pwani hii haijapungukiwa na mchanga. Simu ifungwe kwenye ubao juu ya kioo, ikitazama chini, isiguswe tena. Bonyeza kidole kwenye skrini na ukishikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo simu itakuwa ikijirekebisha yenyewe na picha itapepesa. Fanya kazi usiku, maana mchana kila wingu likipita hubadilisha mwanga. Bibi akitaja mawimbi, sogeza mchanga kwa ncha ya kalamu, nusu sentimita, piga. Nusu sentimita nyingine, piga. Akitaja taa za kijiji zikififia nyuma yao, toboa mchanga matundu madogo mwanga upenye, kisha uyazibe moja moja.

Katikati ya masimulizi bibi ananyamaza sekunde tatu. Hapo vijana wengi huharibu: hutia muziki, au hujaza michoro. Kimya hicho ni picha 36 za mchanga uliotulia. Ziache.

Makosa mengine ni ya kiufundi. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga, sauti mbovu haisamehe. Upepo wa kusi ukipiga kwenye simu, maneno yote yanamezwa. Rekodi ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi, simu shibiri moja kutoka mdomoni. Ukituma filamu kwa WhatsApp kama video, itabanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili. Na kabla hujapiga chochote, zima huduma ya mahali, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya faili sehemu ilipopigwa picha. Kinyago hakina faida kama nyuma yake umeandika anwani.

Sauti nayo ni uso. Majirani wa Palma watamtambua bibi kwa neno lake la kwanza. Muulize. Akiona vyema, mtu mwingine asome maneno yake, na majina ya watu na vijiji yabadilishwe. Na akikubali leo, bado ana haki ya kukataa mwezi ujao.

Ndipo tufikirie tamasha. Lile la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, lilijiita tangu mwanzo tamasha la nchi za jahazi, na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Pwani ya Cabo Delgado imo katika njia hiyo ya majahazi. Lugha ya Kimwani ya Ibo na Mocímboa ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ikisikika ndani ya Ngome Kongwe ya Zanzibar, wengi watadaka maneno kabla hawajasoma tafsiri chini ya skrini. Majaji hawataulizia aina ya simu. Watatazama kama kila picha ilikuwa na sababu ya kuwapo.

Hata hivyo, kanuni ya Rouch haijapitwa. Onyesho la kwanza liwe mkekani, kwa bibi mwenyewe, kabla filamu haijaenda Zanzibar wala Berlin. Akisema, "Pale nilinyamaza zaidi, mjukuu wangu," washa taa chini ya kioo, urudi kuongeza picha.